Bwana Samadi wa Bwawa la Kitopeni

Watu wa Kinondoni ya zamani walikuwa na ugonjwa mmoja. Wakikuona unapita na kitu kilekile mara tatu, basi, jina umeshapata, na lile ulilopewa na wazazi utalitumia kwenye kodi ya kichwa tu. Kulikuwa na Bwana Mwavuli. Kulikuwa na Bi Sufuria. Kuna mzee mmoja aliazima kuku mara tatu kwa jirani, akaitwa Jogoo mpaka siku jeneza lake linatoka. Kwa hiyo Theonest Kamugisha, Mhaya mrefu kama nguzo ya simu, karani wa mizani kule gatini, bandarini, alipopita na baiskeli imebeba makapu mawili ya mavi ya ng'ombe, siku ya kwanza watu waliziba pua. Ya pili walicheka. Ya tatu akawa Bwana Samadi, na shati lake jeupe la ukarani halikumsaidia kitu.

Habari zake nasimulia mie kwa sababu wengine wanazijua nusu, na hiyo nusu yenyewe wanaipika mbichi.

Yeye alitoka Bukoba, kule ziwani, mwaka wa arobaini na saba. Akapanda meli mpaka Mwanza, akapanda treni mpaka akachoka kuhesabu stesheni, akashuka Dar es Salaam na sanduku la bati na Kiswahili cha kanisani. Kazi akapata upesi maana mwandiko wake ulikuwa mzuri. Mwaka uliofuata akamleta mkewe, Kokuberwa. Huyo mama alikaa miezi mitatu. Alipewa ugali wa muhogo, akautazama kama mtu aliyeletewa barua ya msiba. Akapewa wali, akala kwa adabu. Ndizi za sokoni akazimenya, akazinusa, akasema hizi zimepandwa na mtu asiyezipenda. Mwezi wa tatu akafunga mzigo.

"Theo," alimwambia pale stesheni, "mahali pasipo na mgomba wako mwenyewe ni hoteli. Mie sikuolewa hotelini. Siku mgomba wa kwetu ukikuzalia huku, ukakomaa, niandikie. Nitakuja, na sitarudi."

Nyie mnacheka. Lakini Mhaya na mgomba ni kama Mzaramo na mnazi: ukikata kimoja, kingine kinatoa damu. Nyumba ya Mhaya husimama katikati ya migomba, migomba husimama kwenye samadi na majani makavu, na samadi humwagwa hapo tangu babu wa babu. Mtu akiwa na ng'ombe huko kwao hasifiwi maziwa, anasifiwa mavi.

Basi alipokwenda likizo, Theonest alirudi na gunia la machipukizi ishirini, ameyafunga kwa majani mabichi na kuyanywesha maji njia nzima kama watoto wachanga. Jumbe Jamali, aliyekuwa mkubwa wa eneo lile kwa idhini ya serikali, akamkatia kipande cha ardhi bondeni, kando ya kijito kinachoshuka kutoka chemchemi ya juu mpaka bwawa la Kitopeni. Bwawa lenyewe halikuwa kubwa. Ukirusha jiwe kwa nguvu linavuka. Lakini ndilo lililokuwa na maji mwaka mzima. Watu waliteka hapo, akina mama waliloweka ukindu wa mikeka hapo, na samaki walitoka hapo.

Udongo wa huku, mnaujua. Mchanga. Ukimwaga maji saa nne, saa nne na robo hayapo. Theonest akaona dawa ni moja: samadi nyingi kuliko kwao. Akapatana na Mwarabu mmoja wa Msasani mwenye zizi la ng'ombe wa maziwa, akawa anaondoka na makapu mawili kila jioni akitoka kazini. Akalundika. Kilima cha samadi kikasimama pale bondeni mpaka watoto wakawa wanakiona kabla ya nyumba. Kisha akachimba mfereji, kazi safi kabisa, unachepuka kutoka kijitoni, unapita kwenye mashina ya migomba, kila shina linakunywa, halafu unarudi kijitoni chini kidogo. Alijivunia mfereji ule kuliko mwandiko wake.

Na jioni ilipoisha, alikaa peke yake. Hapo ndipo palikuwa na kazi. Majirani walikuwa watu wema, wakimsalimu anaitika, wakiwa na karamu wanamletea sahani. Lakini sahani ikishaliwa inarudishwa, na mlango unafungwa. Mwaka mzima hakusikia mtu akimwita kwa Kihaya. Lugha yenyewe ilianza kuota kutu mdomoni, mpaka akawa anasemesha migomba ili asiisahau. Aliupa kila mgomba jina la mtu wa kijijini kwao. Ule wa karibu na mlango ulikuwa Kokuberwa.

Rafiki alikuwa naye mmoja tu. Mwishehe.

Mwishehe alikuwa Mzaramo mfupi, tumbo mbele, mvuvi wa bwawani. Alitega madema, yale matego ya kusuka, na kila asubuhi aliyainua na perege wawili watatu, siku nyingine kambare wa kutisha. Siku ya kwanza alimkuta Theonest akisema na mgomba. Akasimama, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza:

"Na wenyewe unajibu?"

Theonest akaona aibu, akaingia ndani, akatoka na kikopo cha buni kavu za kahawa, maana kwao mgeni huanzia hapo. Mwishehe akatia moja mdomoni, akatafuna, uso ukakunjamana.

"Nyie watu! Kahawa sie tunaipika. Nyie mnaitafuna kavukavu kama mbuzi anayetafuna misumari!"

"Na nyie mnakula ugali wa muhogo," Theonest akasema, "chakula cha panya aliyefilisika."

Mwishehe akafungua mdomo. Akacheka mpaka akakaa chini. "Unajua kutukana! Sasa sikiliza. Mie na Mnyamwezi ni watani. Akija kwenye msiba wangu namnyang'anya sahani, na hana la kusema. Lakini wa kwenu huko, wazee wetu hawakutuwekea utani, walisahau. Nakuwekea mie, leo hii. Kuanzia sasa nikitukana usikasirike, na mie usiponitukana nitajua unaumwa."

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka. Kila Ijumaa, akitoka msikitini, Mwishehe alipita na perege mmoja aliyetungwa kwenye ung'ong'o, na tusi moja jipya. "Bwana Samadi, umeoga au ndiyo unakwenda?" Na Theonest alikuwa amejiandalia lake tangu Jumanne, kule gatini, katikati ya magunia ya mkonge. Kwa jina lake, lile la ubatizo, Mwishehe hakumwita hata siku moja. Mtani haitwi jina kama mtuhumiwa.

Mwaka wa hamsini na mbili ukaelekea mwisho. Mgomba wa Kokuberwa ukachanua. Kwanza lile ua jekundu kama moyo wa ng'ombe, kisha likainama, kisha vidole vikajipanga. Mkungu mnene, sio mchezo. Theonest akaandika barua. Akajibiwa kwa mkono wa katekista: mkeo anasema anauza mbuzi wake wawili, mkungu ukikomaa tu apigiwe simu ya maandishi, atashuka na meli inayofuata. Aliisoma ile barua mpaka mikunjo ikakatika.

Sasa, mvua za vuli mwaka ule zilikuwa zimepiga vibaya. Kilima cha samadi kilipungua nusu na hakuna aliyekigusa. Theonest akaona vizuri tu, akaongeza kingine. Kisha ukaja ule ukali wa Januari, jua la kukaanga, maji ya bwawa yamesimama hayaendi popote. Bi Tabu, msusi wa mikeka, ndiye aliyeona kwanza. Alivuta ukindu wake kutoka majini ukaja na utando wa kijani unaoning'inia.

"Nani kapika mlenda bwawani?" akauliza.

Watu wakacheka. Wiki moja baadaye hawakucheka. Bwawa zima lilikuwa la kijani, rangi ya kasuku, linanuka kama chungu kilichosahauliwa. Ukitia mkono unatoka na glavu. Na alfajiri ya Jumatatu, wanawake wakishuka na ndoo, wakakuta perege wameelea, matumbo juu, weupe, wengi kama vile mtu kamwaga kapu la sahani. Kambare walikuwa hai bado, wanapanda juu na midomo wazi, wanahema kama wazee wanaopanda kilima.

Kwa watu wa pwani hapo hakuna fumbo. Samaki wakielea wote pamoja, mtu katia utupa. Huo ni mmea wa sumu, majani yake hupondwa, hutiwa majini, samaki hulewa, mtu huokota kwa kikapu. Mbaya sana kwenye maji ya kunywa, na wote walijua. Na nani ana faida na samaki? Mvuvi ni mmoja.

Hakuna aliyempeleka Mwishehe popote siku ile. Walimfanyia mbaya zaidi. Walinyamaza. Alipita na madema yake, watu wakatazama kuku. Mkewe alikwenda kuazima chumvi akaambiwa imekwisha, na mtungi wa chumvi upo pale pale. Ijumaa msikitini akajikuta ana nafasi kubwa kulia na kushoto. Kisha Jumatatu Jumbe akatangaza baraza, Jumamosi ya wiki inayofuata, na habari zikatangulia kama kawaida: Mwishehe atanyimwa bwawa, na asiye na bwawa hana la kufanya hapo, arudi kwa wajomba zake Kisarawe.

Theonest alizisikia hizo habari akiwa kando ya mfereji wake. Akatazama bwawa. Akaona kitu alichowahi kukiona.

Alipokuwa kijana, kabla ya ukarani, aliwahi kumpigia makasia Mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka ziwani na sanduku la chupa. Mzungu wa Chupa, ndivyo walivyomwita. Ugonjwa wa majina si wa Kinondoni peke yake. Walikwenda mpaka mto Kagera unapoingia ziwani. Maji ya mto yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa, yanaingia kwenye maji ya bluu na kuweka mpaka, mtu angeweza kuweka kidole hapo. Mzungu akachota chupa upande huu, akachota upande ule, akaandika. Theonest akauliza anatafuta nini.

"Chakula," Mzungu akasema, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika.

"Cha nani?"

"Cha maji."

Akamweleza kwa vidole, maana maneno hayakutosha. Mto si maji tu. Mto ni mpagazi. Kila kilima unachopita unapokea mzigo bila kuuliza: mavi ya ng'ombe, majivu ya nyasi, udongo wa mashamba. Mtu wa kilima hiki anasema, changu ni kikapu kimoja tu. Wa kile naye, kimoja tu. Mto hauachi hata kimoja. Kinachonenepesha mgomba juu, kinashuka kinanenepesha kitu kingine chini, vimajani vidogo visivyoonekana, mpaka vikiwa vingi maji yanakuwa kijani. Na vikifa vikaoza, vinakula pumzi ya samaki. Kisha wakaingia kwenye ghuba moja ndogo iliyojificha nyuma ya mwamba, na ilikuwa hivyohivyo: kijani, imenyamaza, samaki wachache juu.

"Na ziwa lote likishiba, bwana?"

Mzungu alicheka, akatazama yale maji yasiyo na ng'ambo. "Ziwa kubwa hili. Halishibi upesi."

Theonest alipiga makasia kurudi akiwaza neno moja. Hakusema halishibi. Alisema halishibi upesi.

Na sasa, hapa Kitopeni, hapakuwa na ziwa. Palikuwa na bwawa la kurusha jiwe. Na juu yake hapakuwa na vilima mia na watu mia. Palikuwa na mtu mmoja, na makapu mawili kila jioni.

Akajiambia, labda siyo. Mtu akitaka kujidanganya hupata msaada upesi. Akachukua bakuli mbili nyeupe za bati. Akapanda mpaka chemchemi, juu kabisa ya migomba, akajaza zote maji masafi. Moja akaiacha hivyo. Nyingine akaitia ngumi moja ya samadi na tone la maji ya bwawa. Akaziweka ukutani juani, akazifunika kwa chandarua mbu wasitage, akaenda kazini. Kila jioni alizichungulia kama mtu anayechungulia mgonjwa. Siku ya tano, ile ya kwanza ilikuwa maji. Ya pili ilikuwa bwawa.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Baraza ni Jumamosi. Katikati hapo kuna siku sita, na siku hizo ndizo zilizomponza Theonest Kamugisha, sio samadi.

Maana mkungu ulikuwa umebakiza wiki nne, au tano. Akisema, mfereji unazibwa, samadi inaondolewa, na kwenye mchanga ule mgomba usio na maji na samadi hauwezi kujaza vidole. Kokuberwa haji. Alishauza mbuzi. Asiposema, Mwishehe anahama, lakini Kokuberwa anakuja, na nyumba inakuwa na mtu. Jumatatu alinyamaza. Jumanne, kule gatini, alijikuta hajaandaa tusi. Jumatano Mwishehe alikuja mwenyewe, bila samaki, akakaa kwenye kizingiti.

"Mtani," akasema. "Wewe unaona mie naweza kutia utupa?"

"Hapana."

"Basi nakushukuru. Uko peke yako kijiji kizima." Akapewa buni, akatafuna bila kukunja uso. "Ukisimama Jumamosi ukasema hilo neno moja tu, mie nitahama nikiwa na moyo. Wewe ni karani. Wewe wanakusikia."

Theonest aliangalia zile bakuli mbili pale ukutani, hatua tatu kutoka kichwa cha rafiki yake. Akasema, "Nitasimama." Hakusema zaidi. Mwishehe akaondoka, na kwa mara ya kwanza katika ule utani wao hakuna aliyemtukana mwenzake.

Alhamisi alinyamaza. Ijumaa perege hakuja, na angetoka wapi?

Jumamosi baada ya alasiri barazani kwa Jumbe Jamali pakajaa. Wanaume mikekani, wanawake ukutani, na Mwishehe amekaa mbele peke yake, kofia magotini. Jumbe akasafisha koo.

"Bwawa ni la Mungu na la wote. Aliyetia utupa—"

"Kama katia, aseme!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Ndiyo nasema, wewe, ningoje nimalize! Mwishehe, una neno?"

"Nina neno moja. Sikutia. Mengine hamtayasikia."

"Kila mwizi ana neno moja," sauti ileile ikasema, na watu wakacheka kicheko kile kibaya, cha puani.

Theonest akasimama. Alikuwa na bakuli mbili mikononi, amevaa shati lake la kazini. Watu wakafikiri kaleta chakula.

"Shikamoo Jumbe. Shikamooni wazee."

"Marahaba, Bwana Samadi. Umetuletea mchuzi?"

Baraza likalipuka. Akangoja. Kisha akaziweka chini mbele ya Jumbe. "Naomba Bi Tabu anuse hii."

Bi Tabu akasogea, akainama, akarudi nyuma. "Lahaula! Ni bwawa hili!"

"Siyo bwawa. Ni maji ya chemchemi kama haya ya bakuli ya pili, yale tunayoyasifu. Nimeyatia samadi ngumi moja nikayaweka juani siku tano. Utupa unaua samaki, wazee, lakini utupa hauoti. Nani hapa aliwahi kuona utupa ukigeuza maji mlenda?"

Wazee wakatazamana. Wanaojua utupa walikuwa wengi kuliko waliokuwa tayari kusema.

"Hapana," mzee mmoja akakubali. "Maji yanabaki vilevile. Samaki tu wanalewa."

"Lakini ng'ombe si anakunya mtoni kila siku?" mwingine akauliza. "Mbona maji hayageuki?"

"Ng'ombe mmoja anakunya na kupita. Mie nimekunya kwa niaba ya zizi zima, miaka miwili, mahali pamoja." Hapo watu walitaka kucheka wakashindwa. "Mvua ya vuli imebeba nusu ya kilima changu. Imekwenda wapi? Haikwenda mbinguni. Mfereji wangu unaosha samadi unaipeleka kijitoni, kijito kinaipeleka bwawani, na bwawa halina pa kuipeleka. Kwetu nimeona mto mkubwa unafanya hivyohivyo kwenye ziwa ambalo huoni ng'ambo yake, na ghuba zake zinakuwa kijani. Kama ziwa linaumwa, bwawa litapona? Samaki wale nimewaua mie. Sikujua. Huyu hana kosa."



Jumbe alishika kidevu. Kisha akatoa amri zake: mfereji uzibwe leo, samadi ihamishiwe juu kwenye tambarare mbali na maji, migomba ikae kama itaweza, na Bwana Theonest aondoe utando ule kwa mikono yake. Na kila aliyemnyima Mwishehe salamu, amsalimu sasa hivi, hapahapa. Watu wakajipanga. Mambo yakawa kama sikukuu.

Mwishehe aliwapokea wote. Walipokwisha akavaa kofia, akamfuata Theonest.

"Siku tano juani," akasema. "Uliziweka lini?"

"Jumanne ile ya kwanza."

"Moja ikageuka Jumapili."

"Ndiyo."

"Na Jumatano nilikuja kwako, nikakaa hatua tatu kutoka bakuli." Hakupaza sauti. "Nikakuomba neno moja, na wewe unayo yote."

"Mke wangu—"

"Najua mkeo. Migomba yote naijua kwa majina." "Asante kwa kusema kweli, Bwana Theonest. Jioni njema."

Bwana Theonest. Mtu mwingine angeshukuru. Yeye alisimama pale barazani kama aliyepigwa kofi.

Na kuanzia hapo ikawa hivyo. Nimeona watu wakigombana kwa mapanga, wakapatana kesho yake kwenye pombe. Lakini adabu! Adabu haina pa kuishika. Kila wakikutana njiani Mwishehe anavua kofia: "Habari za asubuhi, Bwana Theonest. Habari za kazi. Haya, asante." Anapita. Theonest anabaki na tusi lake la Jumanne mdomoni, limepoa.

Aliondoa utando Jumapili tatu, akitoka misa. Aliingia mpaka kiunoni na ungo, anachota kijani anamwaga ukingoni mbali, tena na tena. Watu walipita, wakampa pole. Hakuna aliyevua viatu akaingia kumsaidia. Mgomba wa Kokuberwa ulijitahidi, maskini. Majani yakakunjika kama mwavuli, vidole vikabaki vyembamba, na usiku wa upepo shina likavunjika kiunoni. Aliupika ule mkungu mchanga. Ulikuwa mchungu. Akala wote.

Kisha akaandika barua, ngumu kuliko zote. Hakusingizia upepo. Aliandika: mkungu haukukomaa, nimezuia maji mwenyewe, na sababu ni hii. Akaeleza bwawa na samaki, na Mwishehe, na zile siku sita. Akaipeleka posta kabla moyo haujabadilika. Majibu hayakuja. Februari ikaisha, masika yakaingia, mvua ikajaza bwawa mpaka likafurika likatapika uchafu wake wote kuelekea baharini. Mei maji yakaonyesha chini tena. Madema yakarudi. Kwake hakuna perege aliyekuja.

Mwezi wa saba, posta wakampa kifurushi kutoka Bukoba. Kopo la bati, limefungwa kwa kitambaa na kushonwa. Akakata uzi kwa meno palepale uani. Ndani mlikuwa na senene, wale panzi wa kwao wa kukaanga, wamejaa mpaka juu, wanang'aa. Akawamwaga kwenye sinia kutafuta barua. Hakuna. Akageuza kopo, akapiga kitako. Hakuna. Mke aliyekasirika hamkaangii mtu senene. Mke anayekuja angeandika. Sasa hizi ni habari gani? Akakaa kwenye kizingiti na sinia magotini, akala mmoja mmoja, taratibu, kama atakuta herufi kwenye meno.

Kivuli kikasimama juu ya sinia. Theonest hakuinua kichwa. Alikuwa anangoja ile habari za jioni.

Kivuli kikainama, kikatazama vizuri. Kikavuta pumzi.

"Salaala!" Mwishehe akasema. "Sasa njaa ya Wahaya imefika hapa. Mnakula panzi!"

Theonest alitafuta tusi, hata la zamani, hata bovu, akakosa.

"Una— una wivu tu," akasema.

"Hilo nalo tusi? Miezi sita umekaa, ndilo ulilotunga?" Mwishehe akamsukuma kwa goti. "Sogea huko, unanuka samadi. Na nipe mmoja, nione mkeo anakuchukia kiasi gani."